Kwata ya Barabara ya Giles: Safari ya Bronzeville, Chicago

Treni ya njia ya kijani, ambayo reli yake imeinuliwa kwa nguzo za chuma juu ya mitaa ya kusini mwa Chicago, huwashusha abiria wa Bronzeville, eneo la kihistoria la Weusi, katika kituo cha mtaa wa 35, na hapo ndipo tuliposhuka asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, upepo wa ziwani ukiwa umekwisha kuanza ukorofi wake. Nilikuwa nimefika mjini humo kumtembelea kaka yangu, na kwa kuwa siku hiyo yeye alikuwa zamu kazini, shemeji aliniomba nifuatane naye pamoja na mwanawe wa darasa la nane kwenda kuitazama shule ya sekondari ya kijeshi iliyokuwa ikipokea wageni. Alikuwa amesikia habari zake kutoka kwa mwenzake wa kazini, na moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea huko. Kijana mwenyewe hakusema neno njia nzima. Alikuwa amevaa viatu vyeupe vya michezo ambavyo mama yake alivitupia jicho mara kwa mara kama mtu anayeangalia deni.

Shule hiyo inaitwa Chicago Military Academy. Wengi wasikiapo habari za shule ya kijeshi hufikiria bweni, tarumbeta ya alfajiri na ada isiyoshikika, kwa sababu shule za namna hiyo zinazojulikana zaidi nchini Marekani ni za watu binafsi. Hii ni shule ya umma ya kutwa, iliyo chini ya idara ya shule za jiji, isiyotoza ada, na wanafunzi wake hurudi kwao jioni kwa mabasi na treni zile zile tulizopanda sisi. Kinachoitenga na shule nyingine za jiji ni kwamba kila mwanafunzi, awe wa kike au wa kiume, ni kadeti tangu anapoingia hadi anapohitimu baada ya miaka minne. Huvaa sare siku zote za masomo na ana nafasi yake katika ngazi ya vyeo.

Kutoka kituoni tulielekea mashariki, upande wa Ziwa Michigan. Nyuma yetu, kandokando ya State Street, palikuwa zamani na msururu wa maghorofa ya umma ya kupangisha watu wa kipato cha chini: Stateway Gardens, na kusini yake Robert Taylor Homes yenye majengo 28. Yote yamebomolewa, na jengo la mwisho la Robert Taylor liliangushwa mwaka 2007. Nilimweleza kijana jambo hilo kwa sababu shule tuliyokuwa tukiiendea ilifunguliwa mwaka 1999, wakati ambapo mengi ya maghorofa hayo yalikuwa bado yamesimama, na wazazi wa mitaa ile walikuwa wakitafuta kwa udi na uvumba mahali ambapo mtoto angekaa salama tangu asubuhi hadi alasiri. Kwenye makutano ya mtaa wa 35 na Michigan Avenue tulipita kati ya makao makuu ya polisi wa jiji na De La Salle, shule ya Kikatoliki aliyosoma Richard M. Daley, yule yule meya ambaye mwaka 1995 bunge la jimbo lilimkabidhi mamlaka juu ya shule zote za umma za Chicago, na ambaye alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa shule za kijeshi. Sidhani kama kuna mtu aliyepanga majengo hayo yakae jirani namna ile, lakini mgeni atembeaye kwa miguu huipata sera nzima ya jiji ndani ya hatua mia chache.

Karibu na Calumet Avenue lipo jengo lililokuwa klabu ya Sunset Cafe, alikopiga tarumbeta Louis Armstrong katika miaka ya 1920. Tuliliangalia upesi upesi tukasonga. Barabara inayofuata ni Giles, iliyopewa jina la Luteni George L. Giles, afisa Mweusi wa Chicago aliyeuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Shule iko humo, upande wa kusini wa mtaa wa 35, lakini muda wa kupokea wageni ulikuwa bado, kwa hiyo tuliendelea hadi King Drive, kwa maana nilitaka kijana auone kwanza mnara ulioko katikati ya barabara hiyo.

Mnara huo ni nguzo nene ya mawe yenye askari wa shaba juu yake, bunduki begani. Ulisimamishwa mwaka 1927 na mchongaji wake ni Leonard Crunelle. Askari wa juu aliongezwa mwaka 1936. Ubavuni mna michoro mitatu ya shaba: askari Mweusi, mwanamke Mweusi anayewakilisha umama, na Columbia, lile umbo la kike ambalo Wamarekani wa zamani walilitumia kuwakilisha taifa lao. Yameandikwa pia majina ya askari 137 wa Rejimenti ya Nane ya Illinois waliokufa katika vita hivyo. Kijana aliyapitia kwa kidole bila haraka, akaniuliza, "Baba mdogo, hawa wote ni wa hapa hapa?" Nikamjibu kwamba kikosi chao kilikuwa na makao yake katika jengo tunalokwenda kuliona.

Na hili ndilo jambo ambalo mtu asipolijua ataitazama shule ile asielewe anachokitazama. Mwaka 1890 wananchi Weusi wa Chicago waliunda wenyewe kikosi cha kujitolea, na mwaka 1895 jimbo la Illinois likakiingiza katika jeshi lake la walinzi. Vita vya Marekani na Hispania vilipozuka mwaka 1898, Gavana John R. Tanner aliruhusu kikosi hicho kikuzwe kuwa rejimenti kamili yenye maafisa Weusi watupu, kuanzia kamanda wake, Kanali John R. Marshall, hadi luteni wa mwisho, kisha ikapelekwa Cuba kushika ulinzi. Leo habari hiyo yaweza kuonekana ndogo. Katika jeshi la nchi hiyo wakati ule ilikuwa karibu haisikiki, kwani mtu Mweusi aliruhusiwa kubeba bunduki, ila kutoa amri kulionekana kuwa kazi ya Mzungu. Kwa familia zilizokuwa zikisoma magazeti ya Weusi ya Chicago, kanali mwenye ngozi kama yao alikuwa hoja inayotembea kwa miguu.

Jengo la Giles Avenue lilijengwa kwa ajili ya rejimenti hiyo mwaka 1914 na 1915, likisanifiwa na msanifu wa jimbo, James B. Dibelka, nalo ndilo la kwanza nchini Marekani kujengwa kwa ajili ya kikosi cha kijeshi cha Weusi. Lilikuwa mahali pa kuwekea silaha, kupigia kwata na kukutania. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, Rejimenti ya Nane ilichukuliwa na serikali kuu ikapewa nambari mpya, 370. Ilipofika Ufaransa mwaka 1918, majenerali wa Marekani hawakutaka kupigana bega kwa bega na askari Weusi, wakaikabidhi kwa jeshi la Ufaransa. Ikavalishwa kofia za chuma za Kifaransa, ikapewa bunduki za Kifaransa na ikala mgao wa Kifaransa. Katikati ya mwaka huo kamanda wake, Kanali Franklin A. Denison, aliondolewa kwa sababu iliyotajwa kuwa ni afya, na mahali pake akawekwa kanali Mzungu, Thomas A. Roberts. Askari wakaendelea kupigana hadi siku ya mwisho, wakarudi na nishani nyingi za Wafaransa, na mwezi Februari 1919 umati mkubwa ukawapokea mjini.

Kiangazi cha mwaka huo huo kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alipigwa mawe akiwa majini katika ufuko wa mtaa wa 29 hadi akazama, kwa kosa la kuelea upande ambao Wazungu waliuhesabu kuwa wao. Ghasia zilizofuata, kuanzia tarehe 27 Julai, ziliua watu 38, wakiwamo Weusi 23, na baadhi ya wanaume waliokuwa wamerudi kutoka Ufaransa walisimama kulinda mitaa yao wenyewe. Idadi ya Weusi wa Chicago ilikuwa imepanda kutoka takriban 44,000 mwaka 1910 hadi takriban 109,000 mwaka 1920, wengi wao wakiwa wametoka Kusini, na wengi wao walisongamana katika ukanda mwembamba ambamo tulikuwa tumesimama. Shemeji alisikiliza kimya, akasema kwa Kiswahili, ingawa hapakuwa na mtu wa kutusikia, "Kwa hiyo, shemeji, walipigania nchi, wakarudi wakapigwa nyumbani." Nikamwambia ndivyo.

Ukilitazama kutoka barabarani, jengo lenyewe ni zito, la matofali, lenye sura ya ngome iliyofanywa ya kistaarabu. Mwezi Februari 1936 lilikusanya mamia ya wajumbe wa mkutano wa kwanza wa National Negro Congress, ambapo kiongozi wa wafanyakazi wa reli, A. Philip Randolph, alichaguliwa kuwa rais. Baadaye jeshi lilihama, jengo likaachwa, likachakaa, na kwa miaka mingi lilikuwa gofu. Mwaka 1998 jiji lililitangaza kuwa mahali pa kihistoria, na idara ya shule ikalikarabati kwa mamilioni ya dola. Mwaka uliofuata mlango wake ukafunguliwa kwa wanafunzi.

Tulipoingia tulisajiliwa mlangoni, kisha tukakabidhiwa kwa kadeti wa kike wa mwaka wa nne aliyetuongoza. Aliniita "bwana" karibu kila baada ya sentensi, akamwita shemeji "bibi", jambo lililomchekesha shemeji kwa kuwa kwetu bibi ana wajukuu. Nilichokitazama zaidi ni shati lake. Lilikuwa la kijivu, na alieleza kwamba rangi hiyo ndiyo humtofautisha kadeti wa sekondari na mwanajeshi mwenyewe, asije mtu akakosea barabarani. Kifuani palikuwa na kibao cheusi chenye jina la ukoo wake na, upande wa pili, safu za utepe wa rangi mbalimbali. Nilidhani ni mapambo hadi aliponionyesha mmoja mmoja: huu ni wa alama za darasani, huu ni wa mahudhurio, huu ni wa kazi za kujitolea mtaani. Vyeo navyo vina lugha yake. Maafisa wadogo wa kadeti huvaa vitufe vidogo vya duara, kimoja hadi vitatu, na wakubwa wao huvaa vya umbo la almasi, hadi almasi tatu kwa mwenye cheo cha juu kabisa.

Kisha akamwita kijana wetu mbele akamwonyesha ukaguzi unavyofanywa. Kadeti husimama mguu sawa, visigino vimegusana, mikono imenyooka kwenye mishono ya suruali, macho mbele. Mkaguzi haanzii usoni, huanzia katikati ya mwili: ukingo wa shati penye vifungo, ukingo wa bamba la mkanda na ukingo wa zipu ya suruali lazima viwe mstari mmoja mnyoofu. Ukipinda kwa upana wa kidole, alama zimekwenda. Baada ya hapo huangalia nyuzi zinazoning'inia, kucha, nywele na viatu. Alimwambia kijana ajaribu na jaketi lake mwenyewe. Naye akavuta zipu, akarekebisha mkanda, akatazama chini, akavuta tena, na akachukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtoto ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameitwa mara kadhaa atoke kitandani.

Ukumbi ambamo rejimenti ilipigia kwata una paa la juu sana, na sauti ya viatu humo hurudi kutoka kila upande. Tulikuta kundi la kadeti likifanya mazoezi ya kubeba bendera. Wanne husimama safu moja, wawili wa katikati wakiwa na bendera na wa pembeni wakiwa na bunduki za kwata ambazo haziwezi kufyatua risasi; kazi yao ngumu ni kugeuka. Safu haina budi kuzunguka kwa pamoja bila kuvunjika, kwa hiyo wa ndani hupiga hatua fupi mno, karibu anakanyaga pale pale, na wa nje hurefusha hatua, huku wote wakisikiliza amri ya mmoja wao tu. Walirudia mara nyingi. Kila walipokosea hawakugombezwa; msichana aliyetoa amri alisema tu "tena", wakarudi walikoanzia.

Mkufunzi wao, sajini mstaafu, alitueleza mambo ya utaratibu kwa uwazi niliouheshimu. Mpango wa kadeti wa shule za sekondari, ambao Wamarekani huujua kwa herufi JROTC, ulianzishwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1916. Wakufunzi wake ni wanajeshi wastaafu, na mishahara yao hulipwa kwa kushirikiana kati ya jeshi na idara ya shule. Sare hutolewa na jeshi na mwanafunzi huzirudisha. Kadeti husoma hisabati, sayansi, fasihi na historia kama mwanafunzi mwingine yeyote wa jiji, na juu ya hayo ana somo la kadeti lenye ngazi nne, moja kwa kila mwaka: uongozi, uraia, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, afya, upangaji wa fedha. Kwa Mtanzania anayelinganisha na JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, tofauti ni kubwa: hakuna kambi ya miezi kadhaa, hakuna shamba, na kadeti hana deni lolote la utumishi. Akihitimu anaweza kwenda chuo kikuu, kufanya kazi dukani au kukaa nyumbani. Akijiunga na jeshi kwa hiari yake, ataanza na cheo na mshahara wa juu kidogo kuliko asiyepitia mpango huo.

Shule hii husifiwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake, na sifa hiyo yataka uangalifu, kwa maana mji wa Richmond, Virginia, ulikuwa na shule ya umma ya kijeshi, Franklin Military Academy, tangu mwaka 1980. Ila hakuna jiji lililolivalia njuga jambo hili kama Chicago. Baada ya Bronzeville ilifuata Carver, katika eneo la Altgeld Gardens kusini kabisa mwa jiji, shule ya kawaida iliyogeuzwa ya kijeshi mwaka 2000. Kisha Phoenix, kisha Rickover ya mkondo wa jeshi la majini, iliyopewa jina la admirali aliyeasisi manowari za nyuklia na aliyekulia Chicago, kisha ya mkondo wa Marines, wanamaji wanaopigana nchi kavu, na ya mkondo wa jeshi la anga. Msukumo ulikuwa umetoka juu zaidi ya meya. Baada ya ghasia za Los Angeles za mwaka 1992, Jenerali Colin Powell, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, alisukuma mpango wa kadeti upanuliwe nchini, hasa katika shule za mijini, na leo uko katika shule zaidi ya 3,000.

Hapo ndipo palipo ubishi, nao si mdogo. Wapinzani wake, wakiwamo walimu, wazazi na vikundi vya kupinga vita, huuliza kwa nini shule hizi zimekwenda kwa watoto Weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini, na si katika vitongoji vya matajiri ambako nako nidhamu inahitajika. Mwaka 2006 bodi ya shule ya San Francisco ilipiga kura kuuondoa mpango huo kabisa, kisha ikageuza uamuzi wake miaka michache baadaye. Chicago kwenyewe, mwaka 2021, waandishi wa habari waligundua kwamba katika baadhi ya shule za sekondari za kawaida za kusini na magharibi mwa jiji wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakiingizwa katika somo la kadeti bila kuulizwa. Ofisi ya ukaguzi ya shule za jiji ilichunguza ikathibitisha, na idara ikaahidi kutaka ridhaa ya mzazi. Jambo hilo halikuihusu shule kama ya Giles, ambayo mtoto huiomba mwenyewe, lakini linaeleza kwa nini mzazi mmoja aliyekuwa kundini mwetu aliuliza mara mbili kama kuna mtu wa kuandikisha jeshi anayekaa shuleni. Sajini alimjibu kwamba waandikishaji huzitembelea shule zote za umma, za kadeti na zisizo za kadeti, na hilo ni kweli, kwa kuwa sheria ya elimu ya nchi hiyo huzidai shule zinazopokea fedha za serikali kuu ziwape waandikishaji nafasi ile ile wanayopewa wawakilishi wa vyuo.

Mimi nilitoka na mawazo yaliyogawanyika. Wale wa mwaka 1890 walichukua sare ili wathibitishe kwamba wao ni raia, na hoja yao ilikuwa na nguvu kwa sababu walioitoa ni watu wazima waliochagua wenyewe. Watoto wa leo ni raia tangu kuzaliwa. Sare inatumika kwao kuwafundisha kuwa raia wema, kana kwamba jambo hilo lina shaka zaidi kwao kuliko kwa watoto wa vitongoji vingine. Lakini nilipomuuliza yule kadeti wa mwaka wa nne kilichomweka humo, hakutaja taifa wala bendera. Alisema katika shule hii alipokuwa mwaka wa kwanza palikuwa na mtu wa mwaka wa tatu ambaye kazi yake, kwa cheo, ilikuwa kujua kama yeye amefika shuleni siku hiyo, na kama hakufika, kwa nini. Sasa ni yeye anayewajua wengine. Anataka kusomea uuguzi, na jeshini hana mpango wa kwenda. Sikupata jibu la kumpinga, wala sikuona kwamba jibu lake linalifuta swali la yule mzazi.

Tulipotoka nilishauri tusirudi kituoni kwa njia tuliyojia, tushuke King Drive hadi nambari 3624, nyumba ya mawe yenye kijinara pembeni ambayo Ida B. Wells aliishi tangu mwaka 1919 hadi mwishoni mwa muongo uliofuata. Shemeji alimfahamu kama mwandishi aliyepinga mauaji ya Weusi yaliyofanywa na makundi ya Wazungu. Habari inayohusiana na siku yetu ni nyingine. Mwezi Agosti 1917, huko Houston, askari Weusi wa Rejimenti ya 24, baada ya kunyanyaswa na polisi wa mji, waliingia mitaani na bunduki, na watu wakafa. Mwezi Desemba jeshi liliwanyonga 13 kwa siku moja bila nafasi ya rufaa, na waliofuata wakafikisha jumla ya 19. Wells, akiwa hapa Chicago, alitengeneza beji za kuvaa kifuani za kuwaomboleza kama mashahidi, yaani watu waliouawa kwa dhuluma. Maafisa wa usalama walimfuata wakamwonya kwamba anaweza kushitakiwa kwa uhaini, akakataa kuziacha. Wakati huo huo, Rejimenti ya Nane ilikuwa ikijiandaa kwenda Ufaransa. Mji mmoja, watu wale wale, wengine wakivaa sare na mwingine akivaa beji ya kuilaani serikali iliyoigawa sare hiyo, na sijasoma popote kwamba waliona wanapingana. Mwezi Novemba 2023 jeshi la Marekani lilitengua hukumu za askari wote 110 wa kesi hizo, likasema hawakutendewa haki, na mwaka uliofuata makaburi ya walionyongwa, kule San Antonio, yakawekewa mawe mapya yenye vyeo na vikosi vyao.

Kijana alisoma kibao cha nyumba hiyo, akauliza kama kadeti wanafundishwa habari ya beji. Nilimwambia hilo ni swali zuri la kumpelekea sajini, siku atakayorudi.

Basi la King Drive, nambari 3, lilifika likiwa na nafasi. Shemeji alikwisha kufungua simu kwenye ukurasa wa maombi, ambapo mtoto huzipanga shule kwa namba kulingana na anavyozipenda, na akamuuliza mwanawe hii ataiweka ya ngapi. Akasema ya pili, nyuma ya ile yenye bendi ya muziki. Mama yake akamwambia kwamba hata kule Giles hakukosekani ngoma za gwaride. "Ngoma zipo, mama," akajibu, akitazama miguu yake, "lakini zinapigwa kwa viatu vyeusi."